Karatasi iliyokunjwa na kutobolewa: namna ya kulipata jibu kwa penseli

Swali lenyewe huwa hivi. Unaonyeshwa karatasi ya mraba. Inakunjwa mara moja, mara mbili, pengine mara tatu, halafu inatobolewa au inakatwa kipande. Unaulizwa: ikikunjuliwa itaonekanaje? Chini yake pamepangwa majibu manne au matano, na angalau matatu kati ya hayo yanakaribiana kiasi cha kukutia wasiwasi.

Ushauri unaotolewa sana ni kwamba uifikirie karatasi ikifunguka kichwani. Unamfaa anayeiona tayari, na huyo hahitaji kushauriwa. Kwa sisi wengine, picha ya kichwani huhimili mkunjo mmoja, wa pili inafifia, na ukifika wa tatu tunabahatisha. Ndiyo maana mimi hulichukulia fumbo hili kama kazi ya kuweka kumbukumbu. Unatakiwa kujua mambo mawili tu: karatasi ilikuwa na matabaka mangapi pale ilipotobolewa, na kila mstari wa mkunjo ulipita wapi. Yaliyobaki penseli inayamaliza.

Fumbo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Alfred Binet na Théodore Simon waliliweka kwenye kipimo chao cha akili cha mwaka 1905 huko Ufaransa: karatasi iliyokunjwa sehemu nne inakatwa pembetatu ukingoni, na anayepimwa anachora itakavyokuwa ikifunguliwa, bila kuigusa. Zaidi ya karne imepita na swali bado linawatoa watu jasho.

Kusoma mchoro

Kwa kawaida mistari ya vitone huonyesha mahali karatasi ilipokuwa, mistari kamili huonyesha ilipo sasa, na mshale huonyesha upande uliohama. Kati ya hatua moja na nyingine karatasi haizungushwi wala haigeuzwi, labda swali liseme hivyo. Baadhi ya mitihani hukunja upande kwenda nyuma badala ya mbele. Hilo lisikusumbue, kwa sababu matundu yanaangukia palepale.

Kutokana na hayo kuna zawadi ambayo watahiniwa wengi hawaichukui, nami huiita tundu la bure. Kwa kuwa karatasi haikusogezwa, tundu unaloliona kwenye mchoro wa mwisho liko mahali hapohapo kwenye karatasi iliyofunguliwa. Limetobolewa juu kushoto mwa fremu ya mraba wa awali? Basi jibu sahihi lina tundu juu kushoto, mahali palepale. Kabla hujafikiria mkunjo wowote, pitia machaguo na ufute lolote lisilo na tundu hilo. Mara nyingi moja au mawili yanakufa hapo hapo.

Kuhesabu matabaka

Karatasi ikikunjwa nusu kwa nusu inakuwa na matabaka 2, ikirudiwa 4, ikirudiwa tena 8. Kila tabaka lililo chini ya kitobozi linatoka na tundu lake. Kwa hiyo tundu moja kwenye matabaka 4 ni matundu 4, na matundu mawili hapohapo ni 8. Chaguo lenye matundu 6 halina nafasi, hata kama limepangika vizuri vipi.

Ugumu unakuja pale mkunjo usipokuwa wa nusu. Mtungaji akikunja ukanda mwembamba tu, sehemu moja ina matabaka mawili na nyingine inabaki na moja. Akikunja tena, sehemu moja inaweza kuwa na manne na jirani yake mawili. Hapo usizidishe kwa mazoea. Andika idadi ya matabaka ndani ya kila sehemu ya mchoro wa mwisho, kwa namba ndogo. Namba hizo zikijumlishwa penye matundu zinakupa jumla unayoitafuta kwenye majibu.

Matabaka 3 nayo yapo, na huwapata wengi kwa sababu wamezoea kuzidisha kwa mbili. Chukua mraba uliogawanywa nguzo nne, 1 hadi 4 kutoka kushoto. Kunja nguzo ya 4 ije juu ya ya 3. Kisha kunja katikati, kilichobaki kulia kije kushoto. Nguzo ya 3, ambayo tayari ni nene kwa tabaka mbili, inalalia ya 2. Sasa nguzo ya 2 ina matabaka matatu, ya 1 ina moja tu. Ukitoboa kwenye ya 2 utapata matundu kwenye nguzo za 2, 3 na 4. Ukitoboa kwenye ya 1 utapata tundu moja basi.

Kukunjua kinyumenyume

Mkunjo wa mwisho ndio unaofunguliwa kwanza. Anayefuata mpangilio wa picha kutoka kushoto kwenda kulia wakati wa kukunjua anaweza kubahatika kwenye mikunjo miwili iliyo sawa, lakini kwenye mikunjo isiyolingana anapotea.

Kila mkunjo unapofunguliwa, mstari wake unafanya kazi ya kioo. Tundu lililo upande mmoja linapata pacha upande wa pili, umbali uleule kutoka kwenye mstari, na ukiunganisha tundu na pacha wake, kiunganishi kinakata mstari wa mkunjo kwa pembe mraba. Tundu likikaribia mkunjo, pacha naye anakaribia. Matundu yote yaliyopatikana katika hatua hiyo yanaingia pamoja kwenye hatua inayofuata.

Ili usitegemee macho, chora mraba mdogo na uugawanye visanduku 4 kwa 4. Safu zihesabu kutoka juu kwenda chini, nguzo kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kisanduku kiandike kwa namba mbili, safu kwanza: (1,2) ni safu ya 1, nguzo ya 2. Sasa kioo kinageuka kuwa hesabu ya kujumlisha. Mkunjo wa wima uliopita katikati, kati ya nguzo ya 2 na ya 3, unaunganisha nguzo ambazo jumla yake ni 5: ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3. Mkunjo kati ya nguzo ya 1 na ya 2 unaunganisha zenye jumla ya 3. Kati ya 3 na 4, jumla ni 7. Mikunjo ya mlalo inafuata kanuni ileile kwa safu.

Tufanye moja. Nusu ya chini inakunjwa kwenda juu. Kisha nusu ya kulia inakunjwa kwenda kushoto. Kilichobaki ni robo ya juu kushoto yenye matabaka 4, na inatobolewa kwenye (1,2). Tunafungua mkunjo wa pili: safu haibadiliki, nguzo 2 inakuwa 3, tunapata (1,3). Tunafungua wa kwanza: safu 1 inakuwa 4, tunapata (4,2) na (4,3). Matundu ni (1,2), (1,3), (4,2) na (4,3), yaani mawili yaliyokaribiana katikati ya ukingo wa juu na mawili katikati ya ukingo wa chini. Tazama kwamba kwenye robo iliyokunjwa tundu lilikuwa kwenye kona ya juu kulia, na ndiyo maana wengi huchagua picha yenye matundu kwenye kona nne. Kona ya robo si kona ya karatasi.

Sasa ngumu kidogo. Nguzo ya 1 inakunjwa juu ya ya 2, kisha nusu ya chini inakunjwa kwenda juu. Mchoro wa mwisho una safu 1 na 2, nguzo 2 hadi 4. Nguzo ya 2 ina matabaka 4, nguzo za 3 na 4 zina matabaka 2. Inatobolewa (2,2) na (1,4), kwa hiyo tunategemea matundu 4 na 2, jumla 6.

Fungua mkunjo wa pili, jumla ya safu ni 5: (2,2) inazaa (3,2), na (1,4) inazaa (4,4). Fungua wa kwanza, jumla ya nguzo ni 3: (2,2) inazaa (2,1), na (3,2) inazaa (3,1). Vipi kuhusu (1,4) na (4,4)? Tatu kutoa nne ni hasi moja, nje ya karatasi, kwa hiyo hazizai kitu. Jumla ni sita kama tulivyohesabu. Hesabu mbili zilizofanywa kwa njia tofauti zikikubaliana, unaweza kuendelea bila kugeuka nyuma.

Tahadhari moja: kuna wakati pacha anaangukia ndani ya mraba na bado hayupo. Kwenye mfano wa matabaka matatu, tundu la nguzo ya 1 lingepelekwa na mkunjo wa katikati hadi nguzo ya 4, lakini wakati huo nguzo ya 4 ilikuwa imeshakunjwa, hapakuwa na karatasi. Jiulize kila mara kama karatasi ilikuwepo katika hatua hiyo.

Mikunjo ya ulalo

Hapa ndipo watahiniwa hodari huteleza. Mkunjo wa ulalo hauhamishi tundu kando tu wala juu tu, unabadilishana safu na nguzo.

Ulalo unaotoka kona ya juu kushoto hadi chini kulia ni rahisi: geuza namba. (2,1) inakuwa (1,2), (4,3) inakuwa (3,4). Ulalo wa pili, kutoka juu kulia hadi chini kushoto, geuza namba kisha kila moja uitoe kwenye 5. (2,1) inageuka (1,2), halafu inakuwa (4,3).

Jaribu hili. Kona ya chini kulia inaletwa juu ya kona ya juu kushoto. Kisha kona ya juu kulia inaletwa juu ya kona ya chini kushoto. Inabaki pembetatu iliyoegemea ukingo wa kushoto, ncha yake katikati ya karatasi. Inatobolewa (2,1).

Mkunjo wa mwisho ulipita kwenye ulalo wa juu kushoto hadi chini kulia, basi tunageuza: (1,2). Wa kwanza ulipita kwenye ulalo mwingine: (2,1) inatoa (4,3), na (1,2) inatoa (3,4). Matundu manne: mawili yanaizunguka kona ya juu kushoto, mawili yanaizunguka kona ya chini kulia. Kona nyingine mbili ziko wazi.

Mtego utakaowekewa karibu yake ni (2,1), (1,3), (3,4) na (4,2). Hayo yamezunguka karatasi kama mapanga ya pangaboi, kila ukingo una tundu lake, idadi ni sahihi, na hata lile tundu la bure lipo. Lakini kukunja hakuzungushi kitu. Ukiona jibu linalopendeza kwa mzunguko, lishuku.

Ushahidi wa mkunjo wa kwanza

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtahiniwa jambo moja tu usiku wa kuamkia mtihani, ningechagua hili. Mkunjo wa kwanza ukiwa wa nusu kamili, karatasi yote imekuwa tabaka mbili kabla ya jambo lingine lolote. Litakalofuata, likunjwe namna gani, litobolewe wapi, linazipata tabaka zote mbili pamoja. Kwa hiyo jibu ni lazima lilingane pande zote mbili za mstari wa mkunjo wa kwanza, bila ubaguzi. Tafuta mstari huo kwenye kila chaguo. Lisilolingana, futa.

Mkunjo wa pili na wa tatu hauna uhakika huo kwa karatasi nzima. Ukikunja robo kwa ulalo, kwa mfano, ulinganifu wa ulalo huo unahakikishwa ndani ya robo, na namna unavyojitokeza kwenye karatasi nzima inategemea ulalo gani umechaguliwa: ule unaopita katikati ya karatasi au ule unaoikwepa. Usiipeleke kanuni ya mkunjo wa kwanza mahali isikofika.

Karatasi inapokatwa

Kukata ni kutoboa kwenye ukingo, na swali la kwanza ni: huu ukingo umefungwa au uko wazi? Uliofungwa ni ule wenye mkunjo. Kipande kikikatwa hapo, nusu ya umbo inakamilishwa na kioo. Nusu duara inakuwa duara, pembetatu inakuwa umbo la almasi, na mstatili mwembamba unakuwa mpana maradufu. Uliokatwa ukiwa ukingo wazi, umbo linabaki pengo pembezoni mwa karatasi, halikamiliki.

Rudi kwenye ile robo ya juu kushoto, iliyopatikana kwa kukunja chini kwenda juu, kisha kulia kwenda kushoto. Ukingo wake wa chini na wa kulia imefungwa, wa juu na wa kushoto iko wazi. Kona zake nne zina tabia tofauti kabisa. Ya chini kulia, penye mikunjo miwili, ndiyo katikati ya karatasi: ukiikata kwa mstari mmoja wa mshazari utapata dirisha la almasi katikati, na ukikata kimraba utapata mraba wenye upande mara mbili ya ule uliokata. Ya juu kushoto ni kona halisi, basi kona zote nne za karatasi zinapotea. Ya juu kulia iko katikati ya ukingo wa juu, kwa hiyo mapengo mawili yanatokea, juu na chini. Ya chini kushoto inatoa mapengo mawili pia, kushoto na kulia.

Vivyo hivyo kwa pande zake. Pembetatu ikikatwa katikati ya upande wa chini uliofungwa inatoa almasi mbili kwenye mstari wa kati wa mlalo. Ikikatwa katikati ya upande wa kushoto ulio wazi inatoa mapengo manne ya pembetatu, mawili kila upande wa karatasi.

Umbo likiwa na uso, yaani mshale, herufi L, nusu mwezi, angalia pia linaelekea wapi. Mshale unaoelekea kwenye mkunjo, pacha wake naye anaelekea kwenye mkunjo, kwa hiyo ncha zinakutana. Mshale uliolala sambamba na mkunjo haugeuki. Pacha wa herufi L anatoka amegeuzwa kama kwenye kioo, kamwe hatoki kama L yenyewe ilivyo. Watungaji hupenda kuweka chaguo ambalo mahali ni sahihi, idadi ni sahihi, ila umbo limenakiliwa bila kugeuzwa.

Usilikatae jibu kwa sababu tu linaonekana zuri mno kutoka kwenye mkato mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Erik Demaine, Martin Demaine na Anna Lubiw walithibitisha kihisabati kwamba umbo lolote lenye kingo zilizonyooka linapatikana kwa kukunja karatasi vizuri na kuikata mara moja kwa mstari ulionyooka. Likatae kwa hesabu, lisikataliwe kwa sura.

Saa na mazoezi

Muda hutofautiana sana. Kipimo cha kukunja karatasi cha Educational Testing Service, shirika la Marekani la kutunga mitihani, kilicho kwenye mkusanyo wake wa vipimo wa mwaka 1976, kina maswali 20 katika sehemu mbili, kila sehemu dakika 3. Hiyo ni sekunde 18 kwa swali. Mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari wa meno Marekani unaweka maswali 15 ya kutoboa ndani ya sehemu ya maswali 90 ya dakika 60, yaani wastani wa sekunde 40. Penye sekunde 18 huwezi kuchora visanduku kwa kila swali. Anza na tundu la bure, kisha idadi, kisha ulinganifu wa mkunjo wa kwanza. Yakibaki machaguo mawili, tafuta tundu moja tu yanalotofautiana na ulifuatilie hilo peke yake. Jibu lote halihitaji kujengwa.

Nyumbani, tumia karatasi halisi, lakini kwa mpangilio huu: kunja, toboa, chora jibu lako, ndipo ufungue. Anayefungua kabla ya kuchora anajifurahisha tu. Anza na mikunjo isiyo ya nusu na ya ulalo, kwa kuwa ile ya nusu utaizoea ndani ya muda mfupi na haitakuongezea kitu.

Kuna pia swali la kinyume, ambapo unapewa karatasi iliyofunguliwa na kuulizwa ilikunjwa vipi. Hapo tafuta mistari yote ambayo matundu yanalingana pande zake. Mkunjo wa kwanza wa nusu ni lazima uwe mmoja wa hiyo. Kisha gawanya idadi ya matundu yaliyo kwenye karatasi kwa idadi ya yaliyotobolewa: 8 kwa 2 ni matabaka manne, na chaguo linaloonyesha mikunjo mitatu ya nusu limeshajiondoa lenyewe. Isipogawanyika sawasawa, baadhi ya mikunjo haikuwa ya nusu, na jicho liende moja kwa moja kwenye machaguo yenye ukanda.